Utayari wa dharura za afya: nani anaukagua?

Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha Kigoma kilichobanwa kati ya milima mikali na Ziwa Tanganyika. Barabara ya gari haikuwepo. Watu walichota maji ya kunywa ziwani, na vyoo havikutosha. Kipindupindu kikalipuka, wakaugua watu wapatao 3,000 na kufariki kama 30. Meli ya abiria ya MV Liemba haikuweza kugusa ufukwe, ikatia nanga mbali, na watu, wengine wakiwa hoi, wakapelekwa kwa maboti madogo hadi melini ili wafike Kigoma mjini.

Hapo ndipo neno "utayari" linapopata maana. Ni klorini iliyopo kabla ya mgonjwa wa kwanza, maabara inayotoa majibu mapema, na mhudumu wa zahanati anayejua ampigie nani usiku.

Sasa, nani athibitishe kwamba vipo? Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinaitaka kila nchi mwanachama ijenge uwezo huo, ijipime kila mwaka, na itoe taarifa kwa Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio na kuona linaweza kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Lakini mtahiniwa akijisahihishia mtihani, tunajua maksi zitakavyokuwa. Ndiyo maana ikaja tathmini ya pamoja ya nje: wataalamu wa kigeni hukaa na wenzao wa ndani, wakapitia eneo moja moja la uwezo huo na kutoa alama 1 hadi 5. Ni ya hiari. Tanzania ilijitokeza mapema, Februari 2016.

Juu ya hapo kuna bodi huru ya kufuatilia utayari wa dunia nzima, zikiwemo nchi tajiri na wafadhili. Iliundwa 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Benki ya Dunia, baada ya Ebola kuua zaidi ya watu 11,000 Afrika Magharibi. Septemba 2019 ilionya juu ya ugonjwa wa njia ya hewa unaosambaa kwa kasi. Miezi michache baadaye, UVIKO-19.

Bodi hiyo haina rungu, inasema tu. Kwangu mimi huo ndio upungufu wake mkubwa, kwa sababu alama na ripoti hubaki makao makuu, ilhali msafiri mwenye homa anashuka kwenye boti ya asubuhi hapo Kibirizi, mwalo wa maboti wa Kigoma mjini.