Je, Wajua Rasi Iliyoipa Cabo Verde Jina Lake Haimo Cabo Verde?

Anayeitazama nchi ya Cabo Verde katika picha zilizopigwa kutoka angani ana haki ya kushangaa, kwa maana jina hilo la Kireno maana yake ni "rasi ya kijani", ilhali nchi yenyewe ni visiwa kumi, vingi vikiwa vikavu, na baadhi yake, kama Sal na Boa Vista, ni karibu jangwa tupu. Tena rasi ni ncha ya bara iliyochomoza baharini, si kisiwa. Ukweli ni kwamba jina hilo limeazimwa, na mwenyewe yuko kiasi cha kilomita 570 upande wa mashariki, nchini Senegal, mahali lilipo jiji la Dakar.

Wareno walipoiita rasi hiyo hivyo walikuwa na sababu. Tangu Gil Eanes alipoivuka Rasi ya Bojador mwaka 1434, manahodha wa Ureno walikuwa wakiteremka kusini hatua kwa hatua, wakiambaa pwani ya Sahara ambako hawakuona ila mchanga. Mwaka 1444 Dinis Dias aliupita mdomo wa mto Senegal, kisha akaikuta rasi iliyoota miti, na kwa macho yaliyochoshwa na jangwa kijani hicho kilitosha kuwa jina. Visiwa vilijulikana kwao zaidi ya miaka kumi baadaye, na kwa kuwa vilielekeana na rasi hiyo vikaitwa visiwa vya Cabo Verde. Baadaye Wafaransa waliitawala Senegal na kuiita rasi yenyewe Cap-Vert, basi jina la Kireno likabaki kwa visiwa peke yao; mwaka 2013 serikali ya visiwa hivyo iliomba hata lisitafsiriwe tena katika lugha nyingine.

Kijani hicho kilitoka wapi, ikiwa mvua ya Dakar hunyesha miezi michache tu, takriban Julai hadi Oktoba? Jibu liko chini ya mchanga. Kaskazini-mashariki ya rasi kuna mabonde yaliyo kati ya vilima vya mchanga, ambayo wenyeji huyaita niayes, na humo maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso wa nchi, kiasi kwamba michikichi, ambayo kwa desturi hupenda nchi za mvua nyingi, huota humo. Mboga nyingi zinazoliwa Dakar hulimwa katika mabonde hayohayo.

Umbo la rasi nalo lina kisa chake. Sehemu ya mwisho ya magharibi ilikuwa kisiwa cha mawe ya volkeno, kikaunganishwa na bara na mchanga uliosukumwa na mikondo ya bahari. Linalonifurahisha zaidi ni kwamba ncha ya mashariki kabisa ya bara la Afrika, Ras Hafun ya Somalia, nayo imeshikamana na bara kwa ulimi wa mchanga. Yaani Afrika imefungwa mchanga ncha zote mbili.

Volkeno hiyo ndiyo iliyoacha vilima viwili vinavyoitwa Mamelles, neno la Kifaransa lenye maana ya matiti, na kwa umbo lake hakuna haja ya kueleza zaidi. Vina urefu wa mita mia moja na ushei tu, lakini katika nchi tambarare kama ile huonekana mbali sana kutoka baharini. Juu ya kimoja Wafaransa waliwasha mnara wa taa mwaka 1864, kwa kuwa miamba myeusi ya ncha ya Almadies, ambayo ndiyo ncha ya magharibi kabisa ya bara, ni hatari kwa vyombo vinavyoizunguka rasi. Juu ya kilima cha pili imesimama Sanamu ya Mwamko wa Afrika, yenye urefu wa mita 49, iliyojengwa na mafundi wa Korea Kaskazini katika enzi ya Rais Abdoulaye Wade na kuzinduliwa Aprili 2010, Senegal ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, huku baadhi ya wananchi wakilalamikia gharama yake na maimamu wakilalamikia mavazi haba ya watu waliochongwa.

Upande wa pili wa rasi bahari ni tulivu, kwa sababu nchi kavu hukinga mawimbi yatokayo kaskazini. Utulivu huo ndio uliovifanya vyombo vya Wareno, Waholanzi, Waingereza na Wafaransa vitie nanga penye kisiwa kidogo cha Gorée, ambako watumwa pia walipakiwa kuvushwa Atlantiki, na ndio uliowafanya Wafaransa waweke ngome Dakar mwaka 1857, katika nchi ya wavuvi Walebu. Bandari ikazaa jiji, na jiji likaenea juu ya rasi nzima, hata leo nyumba zimefika kwenye mabonde ya niayes, na bustani za mboga zinapungua kila viwanja vipya vinapopimwa.