Pari ni nini, na kwa nini upanga unanoga kuliko bunduki

Ukikaa na watu wa magemu utasikia "we mpige pari tu", na kama hujazoea unabaki unashangaa. Pari ni kupangua pigo la adui pale pale linapokufikia, usiwahi wala usichelewe. Sio sawa na kublock, kublock unashikilia batani unajikinga na upanga wako basi, ila pari unabonyeza kwa taimu yake, pigo linaenda pembeni, jamaa anayumba na kifua kiko wazi.

Mi niliielewa vizuri kwenye Ghost of Tsushima, gemu la samurai la 2020, unacheza Jin Sakai kwenye kisiwa cha Tsushima mwaka 1274 Wamongolia walipovamia Japani. Batani yenyewe ni L1 tu, kwenye pedi ya PlayStation. Utamu uko kwenye kumsoma mtu: silaha yake ikimeta bluu huwezi kublock, ila ukishafungua skili yake pari inapita, ikimeta nyekundu usijaribu kabisa, doji, yaani ruka pembeni ukwepe. Na hapo wamekuzunguka wanne, huyu ana ngao yule ana mkuki, mwenye ngao unamwekea staili ya Maji (staili ni namna Jin anavyoshika upanga na kupiga), wa mkuki ya Upepo, vidole vinabadilisha staili huku macho yako kwa yule anayeinua mkono.

Halafu kuna ile ya kusimama ana kwa ana kabla vita haijaanza, aisee. Unashikilia batani ya pembetatu, Jin ametulia, Mmongolia anakuja, anajifanya anapiga kumbe anakuzuga, ukiachia kwa papara unakula pigo zito. Ni kipa na penati kabisa, anayeruka mapema kaliwa. Ukivumilia mpaka akapiga kweli ndo ukaachia, mara moja tu yuko chini.

Bunduki hainipi hiyo. Kwenye gemu za risasi naua mtu wa mbali hata sijui alikuwa anafanya nini, huku kwenye upanga nishamjua jamaa, najua wapi anaharakisha na wapi anavuta pumzi. Tena pari inakuongezea risolvu, zile duara za njano chini ya skrini, na ndo hizo hizo unazotumia kujitibu, kwa hiyo ukikaribia kufa dawa iko kwa huyo huyo anayekupiga, inabidi umsogelee.

Ukiizoea weka ugumu wa Lethal. Unaua haraka, wao pia wanakuua haraka, na nafasi ya pari inakuwa finyu zaidi.