Begi la mhamasishaji wa afya: nani hulipia dawa ya mtoto wako kijijini?

Malalamiko tunayopokea msimu huu wa masika kutoka kaunti za Kenya zilizo kandokando ya Ziwa Victoria yanafanana mno. Mtoto ameharisha usiku kucha, asubuhi mzazi anampigia simu mhamasishaji wa afya ya jamii, mhamasishaji anafika na begi lake la serikali, analifungua, na ndani hamna ORS, ile poda ya kuchanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini, wala vidonge vya zinki vya kutibu kuharisha. Wapo wazazi wanaodai waliombwa pesa. Wapo wanaouliza, kwa hasira ambayo tunaielewa, mbona wanalipa SHA, bima ya afya ya serikali, na bado wanatumwa dukani.

Ni haki yao kuuliza. Jibu ni kwamba vitu vilivyomo katika begi moja hulipiwa na mifuko mbalimbali, na mfuko mmoja ukikauka mwingine hauruhusiwi kuuziba.

Nianze na SHA, kwa kuwa ndiyo inayowachanganya wengi. Mchango wa asilimia 2.75 ya mshahara, au ule wa asiye na mshahara ambao hauwi chini ya Sh300 kwa mwezi, huingia katika Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, ambayo kazi yake kubwa ni kulipia matibabu ya hospitalini. Zahanati na vituo vya afya vina hazina yao, ile ya Huduma ya Afya ya Msingi, iliyoundwa kwa sheria ya 2023 na kutegemea fedha zinazotengwa na Bunge kutokana na kodi. Kwa hiyo mtoto aliyepelekwa zahanati hafai kurudishwa eti kwa sababu babake hajalipa mchango. Anachohitaji ni kusajiliwa, na usajili ni bure kwa simu kupitia *147#. Tumelisema hili redioni na katika mabaraza ya machifu, na bado kuna mzazi anayekaa nyumbani na mtoto anayechemka homa akisubiri apate ya kulipa SHA kwanza. Tafadhali, mtoto aende kituoni.

Mhamasishaji mwenyewe hulipwa kwingine. Mpango huu ulipozinduliwa Septemba 2023, wahamasishaji wapatao 100,000 kote nchini walipewa mabegi, na makubaliano yakawa marupurupu ya Sh5,000 kwa mwezi: Sh2,500 kutoka serikali kuu na Sh2,500 kutoka kaunti. Kila mmoja huhudumia takriban kaya 100. Hizo Sh5,000 si za kununulia dawa. Kumwambia mhamasishaji atoe mfukoni anunue ORS kwa sababu “analipwa na serikali” ni kumwonea.

Sasa dawa. Katika kaunti za ziwa, mhamasishaji aliyefunzwa humtoboa mtoto kidole, husubiri kipimo, na kikionyesha malaria humpa AL, vidonge vya kutibu malaria. Vipimo na dawa hizo kwa miaka mingi zimelipiwa kwa sehemu kubwa na Global Fund, mfuko wa kimataifa wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, pamoja na mpango wa malaria wa Marekani, PMI. Ndiyo sababu hata begi likiwa karibu tupu, mara nyingi utakuta kipimo cha malaria kimebaki. Lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Sitabashiri yajayo, ila anayepanga bajeti ya kaunti leo hawezi kuhesabu mfuko huo kama zamani.

ORS na zinki hazikuwahi kuwa na mfadhili wa namna hiyo. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti ndiyo hununua dawa za vituo vyake, nyingi kupitia KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, na mhamasishaji hujaziwa begi na kituo kilicho karibu naye. Kaunti ikichelewa kulipa deni, shehena huchelewa. Shehena ikifika pungufu, msimamizi wa kituo huwahudumia kwanza wagonjwa walio mbele yake kwenye foleni, na siwezi kumlaumu. Anayekosa ni yule wa mwisho wa barabara, na mwisho wa barabara ndiko mhamasishaji alikotumwa. Dawa hizi mbili ni za bei ya chini kuliko karibu kila kitu hospitali inachonunua. Zinki hutolewa mara moja kwa siku, siku 10 hadi 14: miligramu 20, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita. (Wazazi wengi huacha siku ya tatu kwa kuwa choo kimeanza kushikana. Msiache. Siku zilizobaki ndizo zinazomkinga asiharishe tena miezi michache ijayo.)

Kikohozi kina utaratibu wake. Mhamasishaji huhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, anamwandikia rufaa, yaani barua ya kumpeleka kituoni. Hakuandikii rufaa kwa sababu amekosa dawa au anakukwepa. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au asiyeamka vizuri, huyo haongojei hata mhamasishaji.

Kuhusu kuombwa pesa: dawa za serikali haziuzwi. Anayeziuza au kuitisha “kitu kidogo” anaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, ambayo katika kifungu cha 48 inatoa faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Iwapo alipata faida inayoweza kukadiriwa, huongezewa faini ya lazima ya mara mbili ya faida hiyo. Anza kwa msimamizi wa kituo ukiwa na tarehe, jina la kijiji na jina la dawa. Asipokujibu, nenda ofisi ya afya ya kaunti ndogo. Uvumi wa sokoni hatuwezi kuuchunguza.

Lakini begi tupu halijazwi na mashtaka. Hujazwa na bajeti, na bajeti ina tarehe zake kisheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mwelekeo wa fedha Februari 28, makadirio Aprili 30, na kufikia Juni 30 yawe yamepitishwa. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Nimeketi katika vikao hivyo wadi baada ya wadi. Watu huomba barabara, taa za sokoni na jengo jipya la zahanati. Jengo linaonekana, naelewa. Zinki haiombwi na mtu, na mwakilishi wa wadi hutetea alichoombwa.

Asiyeweza kufika kikaoni aandike. Ukurasa mmoja unatosha: jina la wadi na la kitengo cha afya ya jamii, miezi ambayo begi lilikosa dawa, na ombi kwamba ORS na zinki za wahamasishaji zitengewe fungu lake lenyewe, zisichanganywe na dawa za vituo. Nakala moja ipelekwe kwa karani wa bunge la kaunti na nyingine ofisi ya afya ya kaunti ndogo, nawe ubaki na yako iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.