Msimu wa besiboli ukianza: yanayovuma na yaliyo kweli

Kila mwisho wa Machi, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, inapofungua msimu, maneno hukimbia kuliko mpira. Mechi tatu hazijaisha, tayari kuna bingwa, kuna aliyekwisha kabisa, na kuna anayetuhumiwa kudanganya. Ninafuatilia habari hizi kila mwaka na naona mambo yaleyale yakirudi.

"Yankees walishinda kwa magongo haramu"

Hili lilisambaa wikiendi ya kwanza ya msimu wa 2025, na bado nalisikia. Tarehe 29 Machi, New York Yankees waliwachapa Milwaukee Brewers 20-9 na kuvusha mpira nje ya uzio mara 9, rekodi ya klabu. Mrushaji wa Brewers, Nestor Cortes, alirusha mipira mitatu ya kwanza na yote mitatu ikavuka: Paul Goldschmidt, Cody Bellinger, kisha Aaron Judge. Mtangazaji wa Yankees, Michael Kay, akawaeleza watazamaji kwamba baadhi ya wachezaji walikuwa na magongo ya umbo la pekee. Alisema wachambuzi wa klabu walimchunguza Anthony Volpe wakaona mpira unamgongea karibu na nembo ya gongo, chini ya pale lilipo nene. Jioni hiyo hiyo mitandao ilikuwa imeshatoa hukumu.

Kanuni inasema gongo liwe kipande kimoja cha mti, unene usizidi inchi 2.61 na urefu usizidi inchi 42. Magongo hayo, yaliyopewa jina la "torpedo", yamo ndani ya vipimo, na ligi yenyewe ilithibitisha hivyo. Sehemu nene imeshushwa kutoka karibu na ncha hadi pale mpigaji anapokutana na mpira mara nyingi, na ncha ikapunguzwa. Anayetajwa kuwa nyuma ya umbo hilo ni Aaron Leanhardt, mwanafizikia aliyewahi kufundisha chuo kikuu kabla ya kuingia besiboli. Wala halikuzaliwa wikiendi ile, kwani Giancarlo Stanton, mchezaji mwingine wa Yankees, alikuwa nalo tangu 2024.

Kilichonisikitisha ni taarifa nyingi kumpita Judge kimyakimya. Siku hiyo alivusha mipira mitatu, zaidi ya mwenzake yeyote, na gongo lake lilikuwa la umbo la kawaida, umbo alilotumia kuvusha mipira 62 mwaka 2022. Cortes naye, siku chache baadaye, aliwekwa kwenye orodha ya majeruhi kwa tatizo la kiwiko. Ukitaja gongo ukaacha kiwiko na ukamwacha Judge, umempa msomaji nusu ya habari. Mwisho wa msimu Yankees walitolewa na Toronto Blue Jays, na taji likaenda kwa Los Angeles Dodgers.

"Wiki za kwanza zinaonyesha nani bingwa"

Kila timu hucheza mechi 162. Mechi moja ya ufunguzi, ukiipima kwa Ligi Kuu ya Tanzania yenye mechi 30, ni sawa na dakika 17 hivi za mchezo wa kwanza. Nani atangaze bingwa hapo?

Milwaukee Brewers walishinda mechi 13 mfululizo mwanzoni mwa 1987 na hawakufika hata hatua ya mtoano. Washington Nationals walikuwa wameshinda 19 na kupoteza 31 mwaka 2019, watu wakidai kocha afukuzwe, na mwaka huohuo wakatwaa World Series, fainali inayotoa bingwa wa MLB. Kwa mchezaji mmoja mmoja mambo ni hayohayo: Tuffy Rhodes wa Chicago Cubs alivusha mipira mitatu siku ya ufunguzi 1994, lakini msimu mzima akamaliza na 8. (Baadaye alikwenda Japani akawa nyota wa kweli. Mwaka 2001 alivusha 55.) Ni kweli pia kwamba Detroit Tigers walianza na ushindi 35 katika mechi 40 mwaka 1984 na wakabeba taji. Hutokea, ila si jambo la kuwekea kichwa cha habari Aprili.

"World Series ilipewa jina la gazeti"

Hapana. Gazeti la New York World lilikuwepo, lakini halikudhamini mashindano hayo yalipoanza 1903.

"Waandishi wa michezo huripoti tu, hawabadilishi kitu"

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote wa MLB huvaa jezi namba 42 kumkumbuka Jackie Robinson, aliyevunja ubaguzi wa rangi kwenye ligi hiyo mwaka 1947. Sifa hupewa Robinson na bosi wa Brooklyn Dodgers, Branch Rickey, na wanastahili. Lakini kuna Wendell Smith, mwandishi wa Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani weusi.

Aprili 1945, msimu ukianza, Smith aliwapeleka Robinson, Sam Jethroe na Marvin Williams kujaribiwa na Boston Red Sox. Hakuna aliyesajiliwa. Smith hakurudi nyumbani kulia. Alikwenda Brooklyn kuzungumza na Rickey, na jina alilompa ni la Robinson. Robinson alipoanza kucheza, Smith alisafiri naye akimtafutia malazi katika miji ambako hoteli hazikupokea weusi, huku akituma habari. Jukwaa la waandishi lilikuwa la wazungu, kwa hiyo aliketi na mashabiki, mashine ya kupiga chapa magotini, akiandika mechi ikiendelea.

Uanachama wa chama cha waandishi wa besiboli aliupata mwaka 1948. Tuzo ya juu ya chama hicho alipewa kwa mwaka 1993, miaka 21 baada ya kufariki.