Samaki kutokufa si ushahidi kwamba maji ni salama

Pwani ya Malindi, yakizungumzwa maji machafu ya viwandani, haikosi hoja hii: "Kama yangekuwa na sumu, tungeona samaki wanaelea." Hoja hiyo inanitia wasiwasi, maana Mto Sabaki unaoingia baharini kaskazini mwa mji ndio ule ule Athi unaopokea maji ya Nairobi.

Kipimo cha vifo kipo kweli. Samaki huwekwa kwenye maji yenye kemikali kwa saa 96, kikatafutwa kiwango kinachoua nusu yao. Kinafaa kwa ajali, mathalani pipa likimwagika. Dozi ndogo ya kila siku ni habari nyingine.

Kwa hiyo, wataalamu huanza na mayai. Mayai yaliyorutubishwa hugawiwa kwenye viwango tofauti vya kemikali, na kundi moja huachwa kwenye maji safi la kulinganishia. Huhesabiwa yaliyoanguliwa, kisha vifaranga waliopinda mgongo na wasioogelea sawasawa. Mwishowe waliosalia hupimwa urefu na uzito. Kwa trauti, kazi huendelea siku 60 baada ya kuanguliwa.

Na hata hapo uzazi haujaguswa! Huko Ontario, Kanada, kati ya 2001 na 2003, watafiti walitia ziwani homoni ya vidonge vya kupanga uzazi, nanogramu chache tu kwa lita. Madume ya samaki wadogo yakaanza kutengeneza protini ya mayai, vifaranga wapya wakakosekana, na kundi zima likakaribia kutoweka.