Je, wajua kwa nini kuna mabaki ya viumbe wa baharini kwenye kilele cha Everest?

Jiwe la kilele cha Everest, mita 8,849 juu ya usawa wa bahari, ni chokaa. Kata kipande chembamba, kitazame kwa hadubini: utaona vijipande vya magamba ya viumbe walioishi baharini zaidi ya miaka milioni 440 iliyopita.

Usidhani maji yaliwahi kufika huko juu. Sakafu ya bahari ndiyo iliyopanda.

Zamani, India ilikuwa mbali kusini, na bahari iitwayo Tethys iliitenganisha na Asia. Bamba la ardhi lililoibeba, yaani kipande kikubwa cha tabaka gumu la nje la dunia, likasogea kaskazini, na yapata miaka milioni 50 iliyopita mabara hayo mawili yakagongana. Hapo ndipo penye utamu wa kisa hiki. Bamba la sakafu ya bahari ni zito, likikutana na jingine huzama chini yake. Bara ni jepesi, halikubali kuzama kirahisi. Basi miamba ikabanwa, ikajikunja, ikakatika, vipande vikapandana kimoja juu ya kingine.

Lakini jiwe linakunjikaje? Juu juu, kweli, huvunjika. Kilomita nyingi chini, joto na mgandamizo hulilainisha bila kuliyeyusha, nalo hupinda taratibu kwa mamilioni ya miaka.

Na mlima huo una mzizi. Chini ya Tibet, uwanda wa juu ulio kaskazini mwa Everest, ganda la dunia lina unene wa kilomita 70 hivi, karibu mara mbili ya kawaida. Linaelea juu ya miamba mizito kama pande la barafu majini, sehemu kubwa ikiwa imejificha. Mvua na barafu zikikwangua juu, mzigo hupungua na mlima huinuka tena kidogo.

Si milima yote iliyozaliwa kwa kugongana. Kilimanjaro ni volkano, imerundikwa na lava na majivu. Rwenzori, licha ya kufika mita 5,109, si volkano: ni pande la mwamba wa kale lililosukumwa juu kati ya nyufa za Bonde la Ufa.

India bado inasukuma, sentimita 4 hivi kila mwaka. Wakati huohuo mito Ganges na Brahmaputra inateremsha mchanga na matope ya Himalaya, safu ya milima yenye Everest, hadi Ghuba ya Bengal, ambako yanatua sakafuni na kufukia magamba mapya.