Albamu ya miaka hamsini: yanayosemwa na yaliyomo

Kila nikiitaja 50 Song Memoir, albamu ya bendi ya Marekani The Magnetic Fields iliyotoka Machi 2017, wapenzi wa muziki hapa Mwanza huniambia mambo ambayo albamu yenyewe inayakanusha. Stephin Merritt, mtunzi wa bendi hiyo, alizaliwa Februari 1965. Siku alipotimiza miaka 50 alianza kurekodi nyimbo 50, kila wimbo na mwaka wake, kuanzia 1966 hadi 2015. Ni kazi ninayoipenda sana, na inaniuma ikihukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Dhana: Ukiimba maisha yako, unatoa siri zako zote.

Ukweli: Merritt amejenga jina kwa nyimbo za kubuni. Katika 69 Love Songs, albamu ya bendi hiyo ya 1999, "mimi" wa kwenye wimbo si yeye, na uimbaji wenyewe uligawanywa kwa waimbaji watano. Safari hii ameimba zote 50 mwenyewe, na tofauti inasikika. Lakini hata hapo amechagua. Mwaka mmoja unapewa wimbo mmoja, mengine yote yanaachwa. Wimbo wa 1968 ni wa paka aliyeitwa Dionysus: mtoto anampenda paka, paka anamchukia mtoto. Mwaka mzima wa utoto umeingia humo, na husikii ungamo lolote.

Wa 1969 ndio unaonikamata zaidi. Unahusu kifo cha Judy Garland, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani, na ghasia za Stonewall, baa ya mashoga kule New York iliyovamiwa na polisi. Merritt alikuwa na miaka minne tu! Hakuziona, ila ni sehemu ya dunia iliyomlea, kwa hiyo ameuhesabu mwaka ule kuwa wake. Sisi watu wa ziwa tunalielewa hilo bila kuelezwa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, na baadhi ya waliopoteza maisha wamezikwa Igoma. Aliyekuwa na miaka minne mwaka huo amekua akiwaona wakubwa wakinyamaza meli hiyo ikitajwa. Akiamua kutunga albamu ya maisha yake, ana haki kamili ya kuuimba mwaka huo, hata kama hakumbuki chochote cha siku yenyewe.

Dhana: Albamu yenye wazo moja lazima iwe hadithi yenye mwanzo, kilele na mwisho.

Ukweli: Kinachoishikilia hii ni kalenda. CD tano, nyimbo kumi kila moja. Walipoipeleka jukwaani waliigawa usiku mbili, 25 na 25. Ndiyo maana mpangilio una uzito, na huku kwetu huvurugika kirahisi. Jina la kila wimbo linaanza na tarakimu mbili za mwaka. Ukiingiziwa nyimbo hizo kwenye flashi bila namba za mfuatano, redio ya hiace huweza kuzipanga kwa majina: 00 hadi 15 zinatangulia, ndipo zije 66 hadi 99. Mtu anaanza maisha akiwa na miaka 35, halafu wimbo wa 1966, anamojiuliza ametoka wapi, unaingia wa kumi na saba, nyuma ya ule wa 2015. Mwambie anayekuingizia aweke 01 hadi 50 mbele ya majina.

Dhana: Bendi ya indie, yaani ya muziki wa kujitegemea, ni bendi changa isiyo na fedha.

Ukweli: 69 Love Songs ilitolewa na Merge, kampuni huru ya North Carolina. Hii imetolewa na Nonesuch, iliyo chini ya Warner, na wazo la kutunga nyimbo hizo 50 lilitoka kwa mkuu wa Nonesuch wa wakati huo, Robert Hurwitz. Humo ndani Merritt anapiga ala zaidi ya 100.

Dhana: Kujiimba namna hii ni mambo ya Wazungu.

Ukweli: Hili silikubali hata kidogo. Shaaban Robert alituachia Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, tawasifu ambamo nathari inapokezana na tenzi alizowatungia watoto wake. Miaka hamsini ileile! Na hapa Usukumani, ningi, yaani manju anayeongoza ngoma ya majembe, Bugobogobo, hujitaja ndani ya wimbo wake mbele ya watu wanaomjua vizuri, nao ndio watakaomsahihisha akipotosha. Kilichofanywa na Merritt ni kuiweka desturi ya namna hiyo kwenye CD tano.

Albamu nzima ni kama saa mbili na nusu. Meli ya kutoka Mwanza kwenda Nansio huchukua takriban saa tatu, kwa hiyo unaweza kuimaliza yote kabla hujashuka Ukerewe.